Mwongozo kamili: kuigeuza chokaa ya Tanga iwe kichocheo cha kutengenezea dizeli ya mimea

Mwamba wa chokaa ulio chini ya Amboni na Kiomoni, uleule ambao maji yaliutoboa yakaacha yale mapango, watu wa Tanga wanaujua kwa ujenzi. Unalisha viwanda vya saruji, unalisha tanuri za chokaa, unapaka kuta. Mwongozo huu unahusu kazi yake nyingine, ambayo mwalimu wa kemia, fundi wa maabara au mwanafunzi wa chuo anaweza kuifanya kwa vifaa vya kawaida: kuuchoma mwamba huo uwe kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kugeuka kuwa zao lake, kisha kukitumia kichocheo hicho kugeuza mafuta yaliyokwisha kaangia chipsi na samaki kuwa dizeli ya mimea.

Kuna jambo moja linaloamua kama kazi itafaulu, nalo nitalirudia mpaka lizoeleke. Jiwe la chokaa lina hali tatu. Likiwa bichi ni kalsiamu kaboneti (CaCO₃). Likichomwa sawasawa linakuwa kalsiamu oksaidi (CaO), ile chokaa kali inayochemka ikimwagiwa maji. Likishapata maji linakuwa chokaa iliyozimwa, yaani kalsiamu haidroksaidi (Ca(OH)₂). Mwaka 2008 watafiti wa Japani walizilinganisha hali hizi tatu katika kazi hii hii tunayotaka kuifanya. Baada ya saa moja, CaO ilikuwa imegeuza asilimia 93 ya mafuta, chokaa iliyozimwa asilimia 12, na jiwe bichi halikugeuza kitu. Kwa hiyo anayenunua mfuko wa chokaa ya kupakia nyumba na kuitia kwenye mafuta moja kwa moja anatumia hali dhaifu ya jiwe lenye nguvu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuipata hali ile moja inayofaa na kuilinda isiharibike katika hewa yetu ya pwani.

Kwa nini kalsiamu

Kalsiamu ni mojawapo ya metali za alkali za ardhi, kundi la pili katika jedwali la elementi: beriliamu, magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu na rediamu. Magnesiamu, kalsiamu, strontiamu na bariamu zilitenganishwa kwa mara ya kwanza na Humphry Davy huko Uingereza mwaka 1808 kwa kutumia umeme. Viwanda vingi vya kemia hutegemea vichocheo vya paladiamu, platinamu au rodiamu, metali adimu na za bei kubwa. Kalsiamu ni elementi ya tano kwa wingi katika gamba la dunia, ina karibu asilimia 4 ya uzito wake, na mabaki yake hayatii sumu kwenye udongo.

Oksaidi za kundi hili, isipokuwa ya beriliamu, ni besi, yaani kinyume cha asidi, na ukali wa ubesi unaongezeka ukishuka chini ya kundi. Magnesiamu oksaidi ni salama lakini kwenye nyuzi 60 ni mvivu mno kwa kazi hii. Strontiamu oksaidi ni hodari zaidi ya kalsiamu, ila inayeyuka zaidi ndani ya methanoli, ile alkoholi itakayomenyuka na mafuta, na haipatikani kwa urahisi. Bariamu oksaidi ni kali sana, lakini misombo ya bariamu inayoyeyuka ni sumu, na mtu asiitumie penye wanafunzi. Kalsiamu imekaa mahali pazuri kati ya hizo.

Hata nje ya mafuta, kundi hili linapanda hadhi. Mwaka 2008 kundi la mkemia Sjoerd Harder lilionyesha kwamba misombo maalumu ya kalsiamu inaweza kuunganisha haidrojeni na alkeni (misombo ya kaboni yenye kiungo maradufu), kazi tuliyozoea kuona metali ghali zikipewa. Misombo ile haivumilii hata chembe ya hewa au unyevu, kwa hiyo si ya kuanzia. Chokaa iliyochomwa ndiyo mlango wa kuingilia.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba kila kitokacho ardhini ni rafiki wa mazingira. Kila tani moja ya CaO inapotoka kwenye jiwe, jiwe lenyewe linatoa karibu kilo 790 za kabonidayoksaidi, mbali na moshi wa kuni au umeme wa tanuri. Methanoli nayo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na gesi asilia. Faida ya kweli ya kichocheo hiki ni tatu: kinatumika zaidi ya mara moja, kinachujika bila kuacha maji mengi ya magadi, na kinaweza kutoka kwenye taka kama maganda ya chaza na mayai. Ukikitumia mara moja ukakitupa, umebakiwa na faida ndogo sana.

Vitu vya kuandaa

Kiasi ninachokitumia hapa ni gramu 200 za mafuta. Kinatosha kujifunza, na kikiharibika hakina hasara kubwa. Utahitaji:

- gramu 60 za unga wa jiwe la chokaa au wa maganda
- methanoli safi, mililita 112 kwa jaribio, na akiba ya kusafishia
- tanuri la umeme la maabara linalofika nyuzi 900 za Selsiasi, na bakuli la kauri linalovumilia moto huo
- chupa ya shingo tatu ya mililita 500, kondensa, kipimajoto, kichanganyio cha sumaku chenye joto, na beseni la maji
- desiketa (chombo cha kutunzia vitu vikavu) au chupa yenye kifuniko kinachobana kabisa
- faneli ya kutenganishia, karatasi za kuchujia, burete na pipeti
- fenolfthalini (kiashirio kinachogeuka waridi penye besi), alkoholi ya isopropili, sodiamu haidroksaidi, asidi ya sitriki na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa

Methanoli inastahili maneno zaidi ya mstari mmoja. Ni sumu inayopofusha na kuua, inapita kwenye ngozi, na mvuke wake unawaka kirahisi hata kwenye joto la kawaida la Tanga. Mwali wake ni wa bluu hafifu, na penye jua huenda usiuone. Vaa miwani ya kinga na glavu, fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, wala jiko la mkaa au la gesi lisiwepo karibu. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano. Mtu akiimeza, hata kama anajisikia vizuri, apelekwe hospitali papo hapo, kwa sababu madhara yake huchelewa kuonekana. Inunuliwe kwa wauzaji waliosajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kazi hii ni ya maabara, isifanyiwe jikoni.

Hatua ya 1: Kuchagua malighafi

Jiwe jeupe au la kijivu kilichofifia, lisilo na udongo mwekundu kwenye nyufa, ndilo bora. Lidondoshee asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Likitoa mapovu kwa nguvu, ni kaboneti. Maganda ya chaza na kome yanayobaki kwa akinamama wanaookota ufukweni yanafaa kabisa, na maganda ya mayai, yenye zaidi ya asilimia 90 ya kaboneti, yanapatikana kwa kila mwuza chipsi mayai. Maganda yasuguliwe, yachemshwe kuondoa mabaki ya nyama na chumvi, yakaushwe.

Matumbawe usiyaguse. Najua chokaa ya pwani ilichomwa kwa matumbawe kwa karne nyingi, na kuta za msikiti wa Tongoni zimesimama kwa chokaa ya namna hiyo. Lakini tumbawe ni nyumba ya samaki wanaolisha mji huu, na linakua polepole mno. Kuchoma tumbawe, tena kwa kuni za mikoko, halafu kuiita kazi hiyo kemia endelevu ni kujipinga.

Hatua ya 2: Kusaga

Saga kwa kinu na mchi hadi upate unga laini, kisha uchekeche kwa chekeche lenye matundu madogo. Unga laini una eneo kubwa la kukutana na mafuta. Ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 kwa saa mbili, ndipo upime gramu 60 kamili. Andika uzito wa bakuli likiwa tupu na likiwa na unga. Namba hizo ndizo zitakazokuambia kama uchomaji umekamilika.

Hatua ya 3: Kuchoma

Tandaza unga kwenye bakuli kwa tabaka jembamba, kina kisizidi sentimita moja. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 900 na uliache hapo kwa saa tatu. Kaboneti huanza kuachia gesi kabla ya hapo, ila kwenye nyuzi karibu 900 ndipo gesi inapotoka kwa msukumo sawa na wa hewa inayotuzunguka, na uchomaji unakwenda mbio. Wenye tanuri linaloishia nyuzi 800 wanaweza kufanikiwa kwa saa nyingi zaidi, mradi tabaka ni jembamba na hewa inapita. Kuzidisha sana moto hakufai, maana chembe zinashikana na eneo lake la kazi linapungua.

Sasa mizani. Kaboneti safi hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 60 zinapaswa kushuka hadi karibu gramu 33.6. Ukipata gramu 40, rudisha tanurini saa moja zaidi. Uzito ukishuka tena, uchomaji ulikuwa haujaisha. Ukibaki palepale, jiwe lako lina mchanga au udongo, na ni afadhali utafute jingine.

Wapo watakaouliza kama chokaa ya mabonge kutoka tanuri za Amboni inatosha bila kuchomwa tena. Ikiwa imetoka tanurini leo na ingali mabonge magumu, ni mwanzo mzuri, lakini isage na uichome tena kwenye nyuzi 900 kwa saa moja. Hewa imeshaigusa juu, na juu ndiko kichocheo kinakofanyia kazi.

Hatua ya 4: Kuilinda na hewa

Hapa ndipo majaribio mengi ya pwani yanapokufa. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika hali inazidi. CaO inavuta maji na kabonidayoksaidi kutoka hewani, na ikiachwa wazi mezani inaanza kurudi kwenye zile hali mbili dhaifu. Rangi haibadiliki, kwa hiyo jicho halitakuonya.

Acha tanuri lishuke hadi nyuzi 200 hivi, toa bakuli kwa koleo, liingize moja kwa moja kwenye desiketa. Likipoa, hamishia unga kwenye chupa kavu, jaza hadi juu ili hewa ibaki kidogo, funga kwa nguvu. Itumie siku hiyohiyo. Ikilala, ichome tena kabla ya kuitumia.

Kuipima ni rahisi. Chukua kijiko kidogo cha unga kwenye bakuli la kauri, udondoshee matone ya maji ukiwa umevaa miwani. CaO hai inapata moto mara moja, inatoa mvuke na kuvimba. Ikikaa kimya, imeshazimwa. Kisha tone la asidi iliyozimuliwa kwenye unga huo uliokwisha kulowa: mapovu yanaonyesha kaboneti imebaki au imerudi. Usitegemee fenolfthalini kwa jambo hili, kwani chokaa hai na iliyozimwa zote zinaigeuza kuwa ya waridi.

Hatua ya 5: Kuyatayarisha mafuta

Mafuta yaliyokaangia yanatofautiana sana. Ya mihogo na chipsi kwa kawaida huwa mepesi kushughulikia. Ya samaki huwa na maji na mabaki mengi. Yachuje kwa kitambaa, yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu. Yapashe hadi nyuzi 110 ukikoroga, mpaka vipovu viishe. Ongeza joto polepole, kwani maji yaliyojificha chini hulipuka na kurusha mafuta.

Kisha pima asidi huru, yaani asidi za mafuta zilizokwisha kuachana na molekuli zake. Yeyusha gramu 1 ya sodiamu haidroksaidi kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, ujaze burete. Weka mililita 10 za alkoholi ya isopropili kwenye chupa, mililita 1 ya mafuta, matone mawili ya fenolfthalini. Tonesha huku ukitikisa mpaka rangi ya waridi ikae nusu dakika. Fanya vilevile bila mafuta, utoe tofauti. Kila mililita iliyotumika ni karibu asilimia 0.77 ya asidi huru. Ukiishia mililita 1.3, yaani asilimia 1, mafuta ni mazuri. Ukivuka mililita 2.6, yaani asilimia 2, tafuta mafuta mengine. Asidi hiyo inaungana na chokaa na kufanya sabuni ya kalsiamu isiyoyeyuka, ule utando unaouona kwenye beseni la kufulia ukitumia maji ya chumvichumvi, na kichocheo kinaisha kabla ya kazi kuanza.

Mafuta ya nazi ya Pangani yanafaa pia, lakini hesabu inabadilika. Molekuli zake ni nyepesi, kwa hiyo gramu zilezile zina molekuli nyingi zaidi na zinadai methanoli zaidi. Badala ya mililita 112 kwa gramu 200, andaa karibu 150.

Hatua ya 6: Mmenyuko wenyewe

Kausha vyombo vyote kwenye oveni kwanza. Mimina mililita 112 za methanoli kwenye chupa ya shingo tatu, ongeza gramu 10 za CaO, yaani asilimia 5 ya uzito wa mafuta, ufunge kondensa haraka. Koroga kwenye nyuzi 50 kwa nusu saa bila mafuta. Kipindi hiki wengi hukiruka, nami nakusihi usikiruke. Methanoli inaushika uso wa chokaa na kufanya methoksaidi juu yake, na hiyo ndiyo itakayoshambulia mafuta.

Methanoli hiyo ni nyingi: molekuli 12 kwa kila molekuli moja ya mafuta, wakati hesabu ya mmenyuko inadai 3 tu. Ziada inasukuma mmenyuko uende mbele, na sehemu kubwa yake utairudisha baadaye.

Pasha mafuta gramu 200 hadi nyuzi 60, uyamimine ndani. Shikilia nyuzi 60 hadi 64 kwa saa tatu. Methanoli inachemka kwenye 64.7, kwa hiyo kondensa ipite maji baridi muda wote. Koroga kwa kasi kubwa. Una vitu vitatu visivyopendana, mafuta, methanoli na unga mgumu, na mmenyuko unatokea pale tu vinapokutana. Ukikoroga kwa kasi ndogo, unga unalala chini na mafuta yanaelea yakiwa hayajaguswa.

Hatua ya 7: Kutenganisha na kusafisha

Acha ipoe kidogo, ichuje ikiwa bado vuguvugu. Unga uliobaki kwenye karatasi uoshe kwa methanoli, uuingize mara moja kwenye chupa ya methanoli uliyoifunga. Usiuache ukauke hewani.

Kilichopita kwenye chujio kiache kwenye faneli ya kutenganishia usiku kucha. Gliseroli, kimiminika kinachozaliwa pamoja na dizeli, nzito na ya rangi ya kahawia, itashuka chini, nayo haitazidi gramu 21 hivi ikiwa safi. Itoe. Methanoli iliyobaki katika matabaka yote mawili itoe kwa kuikenesha, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake, uiweke kwa jaribio lijalo baada ya kuhakikisha haina maji. Gliseroli isipelekwe kwenye sabuni kabla methanoli yake haijatoka yote.

Chokaa kidogo huyeyuka na kuingia kwenye dizeli, na huu ndio udhaifu mkuu wa kichocheo hiki. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, hakiruhusu kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja kuzidi miligramu 5 kwa kilo, kwa sababu hufanya majivu na kuziba chujio za injini. Osha dizeli kwa maji vuguvugu yenye asidi kidogo ya sitriki, ukigeuza faneli polepole bila kuitikisa, kisha kwa maji matupu hadi maji yatoke maangavu. Ipashe nyuzi 110 hadi ing'ae.

Hatua ya 8: Kupima ulichopata

Changanya mililita 3 za dizeli na mililita 27 za methanoli kwenye chupa iliyopozwa hadi nyuzi 20 hivi kwa maji ya barafu. Ikiyeyuka yote na kubaki angavu, sehemu kubwa ya mafuta imegeuka. Matone yakishuka chini ni mafuta ambayo hayakugeuka. Usifanye kipimo hiki kwenye joto la mchana wa Tanga, kwani joto linayeyusha hata kisichostahili na utapata jibu la kukufurahisha lisilo kweli.

Kipimo hiki hakitoshi kuitia dizeli kwenye injini ya mtu. Kabla ya hapo inahitaji maabara yenye vifaa vya kupima esta, yaani dizeli ya mimea yenyewe, ambazo EN 14214 inataka zifike asilimia 96.5, pamoja na maji, asidi na kalsiamu.

Ukiwa na muda, rudia jaribio zima mara tatu zaidi: moja kwa jiwe bichi, moja kwa chokaa iliyozimwa, moja bila kichocheo chochote. Sioni njia bora ya kumfundisha mwanafunzi kazi ya kichocheo kuliko kumpangia chupa hizo nne mezani.

Kukitumia tena

Ule unga uliouhifadhi kwenye methanoli urudishe kwenye mafuta mapya bila kuuchoma. Baada ya mzunguko wa kwanza sehemu ya chokaa huwa imeungana na gliseroli, na mchanganyiko huo nao unachochea, tena unastahimili hewa kuliko CaO tupu. Pima matokeo kila mzunguko. Yakianza kushuka, kausha unga mpaka harufu ya methanoli iishe kabisa, ndipo uuchome tena kwenye nyuzi 900 ili mafuta na gliseroli vilivyogandamana viungue. Kamwe usiingize tanurini unga wenye unyevu wa methanoli.

Siku utakapoona hata kuuchoma tena hakusaidii, uache hewani siku kadhaa uzimike, kisha uchanganye kidogo kidogo kwenye udongo wenye asidi wa shamba la mihogo au mahindi. Maji ya kuoshea yapimwe kwa karatasi ya pH na kurekebishwa yafike karibu na 7. Yenye methanoli yasimwagwe kwenye mtaro, bali yakusanywe kwenye dumu lililoandikwa wazi na kukabidhiwa kwa wenye kibali cha kuteketeza taka za kemikali.